Ukili wa Ghorofa ya Tatu

Jumapili, tarehe 3 Machi

Kijino, mdogo wangu,

Basi ule mchicha niliokuwa nakulalamikia, umeota. Umeota wote kwa mkupuo kama watoto walioitwa kula. Mimi nilishaukatia tamaa, nilishauambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa maana anayeniandikia ni mkwe. Leo asubuhi natoka balkoni kumwaga maji ya kuoshea mchele, naona kijani. Nikapiga kelele, njoo, njoo uone! Mkwe akatoka mbio na mswaki mdomoni akidhani nimeanguka. Hapa ukimwita mtu tu, anajua umeanguka. Nikamwambia sijaanguka, mchicha umeota. Akasema, "Mama, utaniua siku moja," akarudi kusukutua.

Ndiye huyu anaandika. Mwandiko wake si ulisema unasomeka kama umepigwa mashine? Muuguzi huyu, kutwa nzima kazini anaandika nani kapewa dawa gani, akirudi namkalisha hapa aandike mchicha. Anacheka. Usiandike kwamba unacheka. Umeandika? Haya. Anasema kwa nini tusikupigie simu tukamaliza. Simu sitaki, simu inaninyang'anya maneno, nikisema moja linanirudia sikioni kabla sijasema la pili, naanza kujibishana na mwenyewe.

Bustani yangu ya huku ni madumu. Mwanao amenikatia madumu kwa kile kimashine chake cha kukatia chuma, ameyatoboa chini, tumeyapanga balkoni. Kuna mchicha, kuna pilipili, kuna nyanya moja ndefu haijui inakwenda wapi, inapanda tu vyuma vya balkoni kama mwizi. Udongo ndio tabu. Udongo wa huku umetoka kwenye mfuko, Kijino. Mfuko umeandikwa! Nikaunusa, haunuki kitu. Nikauweka kidogo kwenye ulimi, mkwe akasema mama usile udongo. Sikula, nilionja. Mtu utaujuaje udongo bila kuuonja?

Na mwanao, ngoja nikusimulie, ametengeneza geti la chuma la mlangoni. Si unajua kazi yake ya kuchomelea, madirisha ya mtaa mzima huu ni ya mkono wake. Sasa hili la mama yake amelitia maua. Maua ya chuma, yana majani, yana hata vikonyo, kayapaka rangi ya kijani. Nikamwambia mwanangu, umenifanyia bustani mlangoni. Akafurahi huyo, akafuta mikono kwenye suruali kama alipokuwa mdogo. Watu wa vyumba vya chini wanapanda ngazi kuja kulitazama.

Mguu umepona kabisa. Si nililetwa huku kwa ajili ya mguu? Umepona, natembea kama zamani. Kila asubuhi wakishakwenda kazini, na mimi naondoka. Naenda matembezi. Nyuma ya soko kuna kijito, si kama mto wetu, lakini kina maji na kina vyura, na pembeni kuna miti ile yenye maua ya manjano yanayoanguka chini kama mtu kamwaga unga. Nabeba ukindu wangu kwapani, nasuka huku natembea, kama mimi na wewe tangu usichana. Unanijua, nikikaa chini vidole vinalala. Basi natembea nasuka, nasalimia watu, narudi nyumbani na ukili mrefu.

Kalamu imesimama. Mkwe wangu, mbona unaniangalia? Andika. Andika hivyo hivyo nilivyosema.

Ameandika.

Ukili ninaokutumia kwa yule dereva wa lori la vitunguu ndio niliousuka kwenye matembezi hayo. Nimeuviringisha umekuwa kama gurudumu la baiskeli, dereva anauliza bibi hili tairi la nini. Ushone, uwe mkeka wa chumbani kwangu, upande wa dirishani. Usimpe mtu. Ukiona mtu anausifia sana, ukunje.

Niambie maharage. Niambie kama mbuzi wa jirani bado anaingia. Niambie na mengine yasiyo na maana, hasa hayo yasiyo na maana. Huku watu wanaongea mambo ya maana tu mpaka unasikia njaa.

Dada yako mkubwa
(hicho ni kidole gumba changu, si doa)


Jumanne, tarehe 12 Machi

Dada,

Naandika mwenyewe kwa hiyo itakuwa fupi. Mkono wangu wa shule ya watu wazima unachoka upesi kuliko ule wa jembe.

Maharage yametoa maua. Mpapai dume nimeukata, ulikuwa unakula nafasi bure kama shemeji yetu yule. Mbuzi anaingia. Nilimrushia kiatu, akala kiatu. Mtoni maji yamepungua. Nilipita jana, mnanaa mwitu umefunga njia yote, ukipita nguo inanukia mpaka unafika nyumbani. Nikaanza kukuelezea kwa sauti, nikakumbuka hupo. Mchunga ng'ombe akanicheka.

Ukili umefika. Nimeunyosha uani nipime pa kuanzia kushona. Dada, ukili huu una nini?

Tukisuka huku tunakwenda mtoni, ukili unatoka laini, mkono umelegea, miguu ndiyo inautuma. Mtu akigeuka, mkono unakaza, miyaa inabanana, pale panabaki kama kovu. Mimi nayajua makovu yetu, ni pale kwenye mawe tunapogeuza kurudi, basi. Huu wako umegeuka, umegeuka, umegeuka. Hakuna mahali umekwenda moja kwa moja. Nilifumba macho nikaupitisha vidoleni, nikashikwa na kizunguzungu.

Hicho kijito chako kimejikunja namna gani? Au unazunguka meza? Dada, wewe unatoka nje kweli? Au wanakufungia?

Nijibu.

Kijino


Alhamisi, tarehe 21 Machi

Kijino,

Ukiona mwandiko umebadilika usishtuke. Huyu ni fundi cherehani wa mlango wa pili. Mimi niko ndani ya geti, yeye yuko nje kwenye korido amekalia kigoda chake, karatasi ameiweka pajani. Anasema nimwambie polepole, yeye amezoea kukata vitambaa, maneno hajawahi. Nimemwambia maneno yangu hayahitaji kupimwa, wewe shona tu.

Barua yako ilisomwa mezani baada ya kula. Mwanao yupo, mkwe anasoma. Tukacheka kwa mbuzi na kiatu, mwanao akasema mama mdogo habadiliki. Tukafika kwenye ukili. "Ukili umefika. Nimeunyosha uani." Mkwe macho yanakwenda, mdomo haufuati. Akasema, "Nijibu. Kijino." Akaikunja.

Mimi sijui kusoma, lakini nimelea, najua mtu akiruka. Tena karatasi ilikuwa imejaa mpaka chini, wino unaonekana upande wa pili, wewe ukibonyeza kalamu unabonyeza kama unapanda mahindi. Nikasema, ndiyo yote? Akasema ndiyo, mama. Mwanao anachokonoa meno. Nikasema haya, nipe barua yangu nikaiweke. Akanipa, vidole vimepoa.

Asubuhi walipoondoka nikamgongea fundi ukutani, akaja, nikampenyezea getini. Akanisomea. Akasoma tena. Halafu akasema, muulize mwenyewe, akasema, "Bibi, huyu mdogo wako ni mchawi?"

Nikamwambia si mchawi. Ni mshona mikeka.

Haya, umenikamata. Ni meza. Nazunguka meza, naingia chumbani, nagusa dirisha, natoka, nazunguka meza tena. Wewe umeshikwa na kizunguzungu kwa kuushika tu, je mimi ninayezunguka? Na ndiyo, geti lina kufuli. Asubuhi wakitoka wanalifunga, jioni wakirudi wanalifungua. Jumamosi peke yake linakuwa wazi, maana mwanao anashinda nyumbani na vyuma vyake.

Sasa ngoja. Najua umeshaanza kutukana. Ngoja kwanza nikueleze, halafu utukane kwa mpangilio.

Kile kijito sikukutungia. Kipo. Nilikwenda mara moja, mguu ulipopata nguvu. Nilitoka zangu na ukindu kwapani, sikumuaga mtu, nimuage nani wakati wote wako kazini? Nikaenda, nikaona vyura, nikaona ile miti, nikakaa kidogo, yale maua yakaniangukia kwenye kanga nikayaacha. Nikasuka ukili wa kweli siku ile. Kurudi sasa. Majengo ya huku, Kijino, yamezaliwa pacha. Rangi ile ile, ngazi zile zile, hata nguo zilizoanikwa zinafanana. Nikaingia langoni, nikapanda mpaka ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho. Mlango uko wazi. Nikaingia. Nikasema hee, hawa wamebadilisha viti bila kuniambia. Nikaenda balkoni nikakuta maua ya watu yamekauka, nikaona aibu, nikatafuta kopo nikayamwagilia. Kugeuka, mwanamume na taulo, ametoka kuoga. Nani alipiga kelele zaidi, mimi au yeye, mpaka leo sijui. Nikamuuliza, wewe ni nani unaoga nyumbani kwa mwanangu? Akasema, "Bibi, hapa ni kwangu!" Nikamwambia toka, tena vaa nguo kwanza.

Fundi, usicheke, utaharibu mwandiko.

Walikuwa watu wema. Alipokwisha kuvaa alimwita mkewe, wakanipa chai. Lakini wakaniuliza, bibi, unakaa jengo gani? Jengo gani? Mimi naliita kwa mwanangu. Hawamjui. Jina la mtaa silijui, na maandishi ukutani kwangu ni mapambo. Nikakaa pale mpaka jua likaanza kushuka. Mara nikasikia chini barabarani mtu anaita. Mama! Mama! Kama alivyokuwa anaita akiwa mdogo, akiamka asinikute. Nikatoa kichwa dirishani, nikasema niko huku! Akapanda. Akaniona na kikombe. Kijino, mtu mzima yule, ana mvi, alikaa chini sakafuni kwa watu asiowajua akalia, na mwenye taulo anamshika bega. Alikuwa ameshazunguka hospitali zote. Alikuwa ameshakwenda kuuliza mochwari.

Kesho yake akaanza kuchomelea geti.

Sasa nimwambie nini? Asubuhi anafunga kufuli, analitikisa aone limeshika, halafu ananitazama katikati ya yale maua yake ananiuliza, "Mama, nikuletee nini?" Nasema ukindu. Analeta. Nasema mbegu za bamia. Analeta. Angekuwa mbaya ningepiga mayowe mpaka jengo likashuka chini lenyewe. Mtu mbaya unajua pa kumshika. Huyu nikimtazama naona anavyoogopa, naogopa na mimi kwamba anaogopa, tumekaa hivyo wawili, mmoja huku mmoja huku.

Wewe nilikuficha kwa sababu nakujua. Ungekuja na jembe.

Lakini mchana, fundi akienda kununua nyuzi na korido ikanyamaza, nasimama hapa nimeshika vyuma nawaza moto ukitokea. Hata si moto. Juzi imenyesha mvua, ile ya matone makubwa, nikaona watoto wa chini wanakimbia ndani yake. Nikapitisha mkono kwenye vyuma vya balkoni. Mkono ukalowa mpaka kwenye kiwiko, mimi nikabaki mkavu. Nikarudi nikakaa na ule mkono mapajani kama umeazimwa, nikausubiri ukauke.

Fundi ameacha kuandika. Anasema uzi umemwingia jichoni. Mwongo.

Usimwandikie mwanao, nakuapisha. Na mkwe usimlaumu, aliruka mistari kumsitiri mumewe, au kunisitiri mimi, mimi sijui, hata ile siku ya kuandika matembezi aliandika tu na macho yamejaa maji. Nitamwambia mwanangu mwenyewe. Tatizo ni pa kuanzia. Kila nikijiandaa anarudi macho mekundu kwa ule moto wa kuchomelea, anauliza mchicha umefikia wapi, nasema kesho.

Barua andika kwa fundi cherehani, mlango wa pili.

Dada yako


Jumatano, tarehe 27 Machi

Dada,

Nimetukana. Nimemaliza nikaanza upya. Mbuzi alitoka mwenyewe bila kiatu.

Halafu nikaenda kwa dereva wa vitunguu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi anashusha mzigo hapo sokoni kwenu. Akimaliza ataleta lori mpaka chini ya jengo, atapiga honi. Geti litakuwa wazi, umesema mwenyewe. Unashuka, unapanda mbele, unakuja nyumbani. Chumba chako nimekifagia. Mkeka nimeushona na makovu yake hivyo hivyo, hautulii chini, kila kona imeinuka kama inataka kuondoka.

Mimi namjua mwanetu. Ukimwambia, atalia. Akilia utamfuta machozi, utasema basi mwanangu, yameisha, nabaki. Utabaki hapo mpaka utolewe umebebwa. Kwa hiyo usimwambie. Fundi wako amwambie jioni, wewe uko mbali. Hasira animalizie mimi. Mimi mama yake mdogo, nina mgongo mpana.

Toka, dada. Utaeleza baadaye.

Kijino


Jumamosi, tarehe 6 Aprili

Kijino, naongea haraka, na fundi naye aandike haraka.

Niko nje. Nje ya geti! Nimekaa kwa fundi kwenye kiti cha wateja, vitambaa vimenifika magotini, kuna gauni la bibi harusi limening'inia hapo linanitazama kama linataka kuniuliza habari. Mlango wa fundi uko wazi na ngazi naziona kutoka hapa nilipo. Kikapu changu nimekifunga, kiko miguuni. Mna nguo, mna mbegu za pilipili, na kisu changu cha kuchania ukindu, mkwe alikuwa amekificha juu ya kabati nisijikate.

Mkwe leo ana zamu. Asubuhi kabla hajatoka alikuja chumbani, mimi ndiyo nakisukuma kikapu chini ya kitanda. Akasema, "Mama, ile barua niliruka mistari." Nikasema najua. Akasema, "Nimemwambia mwenzangu ilisema nini. Nilishindwa kukaa nayo." Nikauliza, akasemaje? Akasema alitoka tu, akaenda kununua vyuma. Halafu akainama, nikadhani anaokota kitu, kumbe anakivuta kikapu. Kamba ilikuwa imelegea. Akaikaza, akafunga mafundo mawili, akakirudisha pale pale. Akavaa viatu akaenda kazini.

Sasa ngoja usikie mwanao. Tangu asubuhi anapandisha udongo. Wa mfuko kauacha. Amekwenda kule kwenye kijito, amechimba mwenyewe, ametia kwenye magunia, anabeba begani ghorofa tatu, anashuka, anabeba jingine. Geti amelizuia kwa tofali lisijifunge. Na balkoni amenitengenezea rafu za chuma, moja juu ya nyingine mpaka darini, za kupanga madumu. Ndiyo vile vyuma. Ndiyo jibu lake, Kijino. Ameulizwa mama yako umemfungia? akaenda kuniletea udongo. Alipopita na gunia la kwanza akasimama mbele yangu, jasho linadondoka, akasema, "Nusa, mama." Nikanusa. Unanuka! Unanuka matope na majani na vyura, unanuka kama sisi tukitoka mtoni. Nikauweka ulimini, hakuna aliyenikataza. Mikono yangu ikaanza yenyewe kuufikicha. Kidogo, kidogo sana nifungue kikapu nitoe mbegu.

Lori limekuja. Limepiga honi mara moja, dereva yuko chini anakunywa soda dukani, fundi amemchungulia dirishani. Fundi akasema, "Bibi, ndiyo saa hii, yuko balkoni anapanga rafu, hasikii." Nikasimama. Nikabeba kikapu. Nikafika kwenye ngazi, nikashika kile chuma cha kushikia, upepo unapanda kutoka chini una vumbi la barabarani, upepo mzuri huo, mguu mmoja nikaushusha. Mguu mzima kabisa, haukuuma.

Nikawaza jioni. Fundi atamwambia, sawa. Lakini kabla fundi hajafungua mdomo, yeye ameshaingia chumbani hakuniona. Ameshaangalia chini ya kitanda. Ataanza na hospitali. Kisha atakwenda kule kwingine kuuliza, atasimama pale kwenye ule mlango mara ya pili. Kijino, mimi nilikibeba kile kichwa kabla hakijawa na nywele. Siwezi kukipeleka kule tena.

Nikaurudisha mguu. Nikaja nikakaa.

Usitukane! Sijasema nabaki. Sikiliza, fundi ananisukuma ubavuni niharakishe. Nimerudi kukaa ili nipange maneno, na wewe ndiye ninayeyapangia. Nitamwambia hivi: Mwanangu, nakwenda kwa mama yako mdogo. Nakwenda mchana huu, unaniona, naondokea mlangoni. Nikitaka kuja nitakuja, na nikija nataka ufunguo uwe kiunoni kwangu. Hilo tu. Rafu ni nzuri. Udongo ni mzuri. Wewe ni mzuri. Nakwenda.

Fundi anauliza, "Na akilia?"

Akilia nitamfuta. Lakini nitamfutia ngazini.

Umeandika hiyo? Iandike vizuri, Kijino aione. Yeye alisema nitamfuta nibaki. Nitamfuta huku nashuka, ngazi moja chozi moja, tutafika chini, na gunia lake tutaliacha hapo hapo lilipo. Madumu atamwagilia yeye, ajifunze. Mchicha hauna kazi. Nyanya ndiyo itakayomsumbua, lazima ifungwe na

Honi hiyo. Ya pili. Huyu dereva ana haraka ya kwenda wapi na vitunguu vimeshashuka?

Ananiita. Umesikia? "Mama! Njoo uone, imeisha!" Sauti ya furaha hiyo. Bado hajatoka balkoni. Subiri. Nimekauka mdomo, fundi, huna maji? Acha, acha, andika.

"Mama?"

Ameingia chumbani sasa. Nasikia mlango.

"Mama? Mama! Uko wapi?"

Hiyo. Hiyo ndiyo sauti niliyokueleza. Mimi hapa, baba! Niko huku nje! Sipotei, niko huku! Fundi, shuka umwambie dereva asizime gari. Kikapu kiache hapo hapo kilipo, mlangoni kwako, kisiingie ndani na mimi. Kijino, nakwenda kumwambia. Nakuja, mwanangu, usikimbie, utajikwaa kwenye tofali, nakuja